Nchi Inayoendelea ni Nchi ya Namna Gani?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Milimani, Kisumu

Siku moja tulikuwa katika baraza huko Kano. Bwana Shamba alikuwa amekwisha kueleza habari za mbegu za mpunga, na watu walikuwa karibu kutawanyika. Ndipo mzee mmoja aliposimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza mimi niliyekuwa nikiandika majina ya waliohudhuria: "Mwalimu, tangu nilipokuwa mtoto nasikia kwamba nchi yetu ni nchi inayoendelea. Sasa nina wajukuu, na bado inaendelea. Je, inaendelea kwenda wapi, na itafika lini?"

Watu walicheka. Mimi nilijaribu kucheka pamoja nao, lakini swali lile lilinishinda. Nilisomea ualimu, na nimekwisha kufundisha watoto neno hilo ubaoni mara nyingi, lakini sijapata kuulizwa na mtu aliyelingoja maisha yake yote. Nikamjibu, "Jaduong', nipe muda nifikiri." Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mkulima ambaye amepata kujiuliza swali kama lile.

Jina hili limetoka wapi?

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakubwa wa dunia walianza kuzigawa nchi mafungu mawili. Mwaka 1949 Rais Harry Truman wa Marekani, katika hotuba yake ya kuapishwa, alitaja sehemu za dunia ambazo maendeleo yake yalikuwa nyuma, akasema yafaa zisaidiwe. Baadaye watu waliona kwamba kuiita nchi ya mtu "nchi iliyo nyuma" ni kuidharau, wakachagua jina la "nchi zinazoendelea". Mwaka 1964 nchi 77 za namna hiyo, na Kenya ikiwa mojawapo, ziliungana huko Geneva ili zisemezane na mataifa tajiri kwa sauti moja. Umoja wao huitwa Kundi la 77 hata leo, ijapokuwa wanachama wake sasa wamepita 130.

Nchi hizo si sawa. India ni kubwa mno na ina viwanda vya kila namna. Rwanda ni ndogo na ina milima. Botswana ina almasi, sisi hatuna. Hata hivyo ziko alama ambazo huonekana katika nyingi za nchi hizi, kama vile daktari anavyoona homa ile ile kwa wagonjwa wa vijiji mbalimbali. Yafaa tuzitazame alama hizo moja moja, na kila moja tuitazame hapa kwetu kando ya ziwa, wala si katika kitabu.

Mapato ni madogo, na wastani huficha mengi

Alama ya kwanza ni mapato. Benki ya Dunia huchukua mapato ya nchi nzima, ikayagawa kwa hesabu ya watu, ikaona kila mmoja angepata kiasi gani kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo Kenya ilihesabiwa zamani miongoni mwa nchi maskini kabisa. Baada ya hesabu za uchumi kufanywa upya mwaka 2014, ilipandishwa ikaingia daraja la chini la nchi zenye mapato ya kati. Wengi walishangaa, maana bei ya unga haikushuka hata senti moja siku ile. Jirani zetu Uganda na Tanzania wangali katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo maskini zaidi, ambayo ilianza mwaka 1971.

Lakini hapana budi tuwe waangalifu na hesabu za wastani. Ikiwa Otieno ana ng'ombe kumi na jirani yake hana hata mmoja, mwenye kuhesabu atasema kila mmoja ana ng'ombe watano. Jirani yule hatapata maziwa kwa hesabu hiyo.

Tofauti ya namna hii ni alama yenyewe. Ofisi yetu iko Milimani, ambako zamani za ukoloni walikaa Wazungu na maofisa wa Serikali. Hapa kuna miti mikubwa ya kivuli, nyua pana, na maji ya bomba ndani ya nyumba. Ukitembea kidogo tu waingia Nyalenda. Huko nyumba nyingi ni za mabati, zimebanana, na watu wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Na jambo la kusikitisha ni kwamba anayenunua maji kwa mtungi hulipa fedha nyingi zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba nyumbani. Umaskini, ndugu msomaji, ni ghali.

Mikono mingi shambani, mavuno machache

Alama ya pili ni kwamba watu wengi hutegemea ardhi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionekana kwamba katika kila Wakenya 100, karibu 69 hukaa mashambani. Lakini mazao yote ya kilimo ni kama sehemu moja tu katika tano za mapato ya nchi. Maana yake ni kwamba watu wengi hugawana kidogo.

Si kwa sababu wakulima ni wavivu. Yeyote aliyemwona mama wa Nyakach akiamka alfajiri hawezi kusema neno hilo. Sababu ni kwamba kazi nyingi hufanywa kwa jembe la mkono, maji hungojewa mbinguni, na shamba aliloacha babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata limebaki vipande. Shamba la eka mbili ambalo latosha nguvu za watu watatu hulimwa na sita. Wote wana jasho, lakini watatu wakiondoka mavuno hayatapungua. Wataalamu huuita huu ukosefu wa kazi uliofichika, kwa sababu hakuna mtu anayeonekana amekaa bure.

Tunauza kibichi, twanunua kilichotengenezwa

Alama ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani hapa Kisumu mwezi wa Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Baada ya hapo pamba ilipandwa kandokando ya ziwa, ikachambuliwa, ikafungwa marobota, ikapelekwa ng'ambo. Ilirudi ikiwa nguo, na bei ya nguo haikuwa bei ya pamba. Tofauti ya bei hizo mbili ilibaki kule kwenye vinu vya kusokota na kufuma, pamoja na kazi na ujuzi wa watu wa kule.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 nchi ilijaribu kuligeuza jambo hili. Katika miaka ya 1960 Kisumu ilipata kiwanda cha nguo, kile wenyeji walichokiita KICOMI, na watu wengi walipata mshahara pale. Baadaye kikafungwa. Leo ukienda soko la Kibuye siku ya Jumapili utaona marundo ya mitumba iliyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, na pamba kidogo sana mashambani mwetu.

Tazama tena samaki. Sangara, ambaye hapa kwetu twamwita mbuta, aliletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa, na viwanda vya kukata minofu vikajengwa. Minofu hupakiwa katika barafu ikapelekwa nchi za ng'ambo. Kichwa na mifupa, ambayo watu huiita mgongo wazi, hupelekwa Obunga, ikakaangwa na kuuzwa kwa watu wetu. Sisemi kwamba mgongo wazi si chakula; wengi wamesomesha watoto kwa kuukaanga. Nasema tu kwamba samaki ni wa ziwa letu, na yafaa tujiulize kwa nini mnofu wake hutupita.

Anayeuza kitu kibichi tena hapangi bei yake. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na wakulima wa Kisii na wa Kenya nzima wakapata fedha nyingi. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mara zote mbili mkulima wa Kisii hakuwa amefanya jambo lolote tofauti shambani mwake. Mwaka 1976 wajumbe wa dunia nzima walikutana Nairobi katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa biashara na maendeleo, UNCTAD, wakapanga njia za kuzuia bei za mazao kupanda na kushuka ovyo. Mipango ilikuwa mikubwa, lakini sehemu ndogo tu ndiyo iliyotimizwa.

Watu, maradhi na elimu

Alama ya nne ni watu kuongezeka upesi. Mwaka 1962 Wakenya walihesabiwa milioni 8.6. Mwaka 2019 walikuwa milioni 47.6, yaani zaidi ya mara tano, na ardhi ni ile ile. Mwisho wa miaka ya 1970 mwanamke mmoja wa Kenya alizaa, kwa wastani, karibu watoto wanane. Wazazi hawakuwa wajinga. Mahali ambapo watoto hufa, mzazi huzaa wengi ili wabaki wachache. Na mahali ambapo hakuna malipo ya uzeeni, mtoto ndiye akiba.

Hapa lazima nitaje habari njema, kwa sababu mwalimu mwaminifu hataji makosa peke yake. Mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanaokufa wamepungua wakawa 41. Katika uchunguzi huo huo watoto wa kila mwanamke walikuwa, kwa wastani, 3.4. Mambo haya mawili huenda pamoja: mama akiona watoto wake wanaishi, hahitaji kuzaa wanane. Malaria ingali inatusumbua sisi watu wa ziwa kuliko sehemu nyingine za Kenya, lakini vyandarua vimesaidia sana, na tangu Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto hapa magharibi, ikianzia Homa Bay.

Elimu nayo imesonga mbele. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na mwaka 2003 katika shule zote za msingi za Serikali. Lakini hapa yatokea alama ya tano: kijana amesoma, na kazi ya mshahara haipo. Basi huingia jua kali, akatengeneza sufuria, akaendesha bodaboda, akauza nyanya kando ya barabara. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi la Dunia walikuja Kenya kuchunguza jambo hili. Waliona kwamba shida kubwa haikuwa watu waliokaa bure tu, bali watu waliofanya kazi kutwa nzima na bado wakawa maskini. Leo, ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi wamo katika jua kali.

Jambo la mbali hutufikia shambani

Alama ya sita ni kutegemea nje. Mwaka 2022 vita vilianza Ukraine, nchi ambayo wengi wetu hatukupata kuitaja. Mara bei ya mbolea ikapanda, hata mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000. Serikali ikalazimika kulipa sehemu ya bei, ili mkulima aupate mfuko kwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata kwa shilingi 2,500. Fedha hizo ni kodi, na sehemu kubwa ya kodi yetu hwenda kulipa madeni ya nchi. Nchi isiyotengeneza mbolea yake, mitambo yake wala dawa zake, hutikisika kwa kila upepo uvumao ng'ambo.

Alama hizi zimeshikana

Sasa, msomaji, usizione alama hizi kuwa mawe sita yaliyotawanyika. Ni nyuzi za wavu mmoja. Ragnar Nurkse, mtaalamu wa uchumi, alilieleza jambo hili mwaka 1953: mapato yakiwa madogo, hakuna akiba, pasipo akiba, hakuna vyombo bora vya kazi, pasipo vyombo bora, mavuno ni machache, na mavuno yakiwa machache, mapato ni madogo. Umerudi pale ulipoanzia.

Nami nitakuonyesha mzunguko huu katika shamba moja la mpunga la Ahero, mahali ambapo kilimo cha maji ya mifereji kilianzishwa na Serikali mwaka 1969. Tuseme mama mmoja amevuna magunia 15. Wiki ile ile shule yafunguliwa, na karo ya sekondari yatakiwa. Mchuuzi amekwisha kufika na lori, pengine kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Tuseme ampa shilingi 4,000 kwa gunia, naye auza magunia 10 ukiwa bado mpunga wenye maganda. Miezi mitatu baadaye gunia lile lile lauzwa shilingi 5,000. Mama amepoteza shilingi 10,000. Hizo ni bei ya mifuko minne ya mbolea ya shilingi 2,500. Msimu ujao atapanda bila mbolea ya kutosha, atavuna magunia 11 badala ya 15, na mchuuzi atamkuta na haraka kubwa zaidi. Pumba za mpunga wake, chenga zake, na faida ya kuukoboa, zote zimepanda lori pamoja na mpunga.

Basi mama huyu ni nchi inayoendelea. Auza kibichi, auza kwa haraka, hapangi bei, kisha anunua kwa bei ya mwingine.

Wapi tuukate uzi?

Wavu hukatwa uzi mmoja kwanza. Uzi ulio karibu na mkono wa mkulima ni ule wa kuuza kwa haraka. Wakulima kumi wakikubaliana kabla ya mavuno, waweza kuweka akiba ya karo kidogo kidogo kila wiki, ili siku ya kufungua shule isiwe siku ya kuuza gunia. Waweza kukodi ghala kavu moja kwa pamoja, na kupeleka mpunga kinuni kwa pamoja, wauze mchele. Tena iko sheria ya mwaka 2019 ya stakabadhi za ghala: mkulima aweka nafaka yake katika ghala lililokubaliwa, apewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Muulize Bwana Shamba wako kama ghala la namna hiyo liko karibu nawe.

Lakini isiwe tukamtwika mkulima mzigo usio wake. Yeye hawezi kujenga barabara ya kutokea Kano wakati wa mafuriko. Hawezi kusemezana na mataifa juu ya bei ya kahawa. Na mkulima wa miwa aliyepeleka miwa yake kiwandani, akangoja malipo miezi mingi, hakosi akili ya biashara. Amekosewa haki yake. Haya ni ya Serikali na ya wenye viwanda, na mkulima ana haki ya kuyauliza katika baraza bila kuogopa.

Jibu kwa mzee

Sasa narudi kwako, jaduong'. Uliuliza tunaendelea kwenda wapi. Mimi nasema hatuendi Ulaya wala Marekani. Twaenda mahali ambapo mtoto wa Nyakach hafi kwa homa ambayo dawa yake yajulikana. Ambapo anayelima hula akashiba na kubakiza. Na ambapo pamba, samaki na mpunga hutoka kwetu vikiwa vimekwisha kutengenezwa na mikono ya watoto wetu.

Uliuliza pia tutafika lini. Tarehe siwezi kukupa, lakini najua kwamba wengine wamefika au wamekaribia. Korea Kusini ilikuwa nchi maskini ya wakulima vita vyake vilipokwisha mwaka 1953. Mwaka 1996 iliingia katika umoja wa nchi tajiri, OECD. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini sana duniani. Mwaka 1994 iliondolewa katika orodha ile ya Umoja wa Mataifa. Hazikufika kwa kuitwa "zinazoendelea". Zilitazama ni uzi gani ulioanza kulegea, zikauvuta.

Kwa hiyo kila mkulima asomaye habari hizi na afanye jambo moja kabla ya mavuno yajayo. Achukue daftari la mtoto wake, aandike magunia anayotazamia, karo inayodaiwa na tarehe yake, na bei ya mbolea ya msimu utakaofuata. Kisha awaonyeshe majirani zake wawili. Tutakapokutana tena katika baraza, jaduong', njoo na daftari lako, nami nitakuja na langu.